Mwajiri, Mstaafu na Mwanagenzi: Nguvukazi Inayozeeka na Uhaba wa Walimu Kakamega

Utangulizi

Neno kustaafu liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuomba kuachiliwa au kusamehewa kazi. Kwa maana hiyo, mstaafu ni mtu aliyeomba mwenyewe apumzishwe. Katika utumishi wa umma wa leo, maana hiyo imegeuka. Mfanyakazi haombi kitu. Tarehe yake ya kuzaliwa ndiyo inayomwombea. Anapoondoka, mwajiri ndiye huamua iwapo nafasi yake itajazwa, itajazwa lini, na kwa masharti gani.

Uamuzi huo unawahusu moja kwa moja wanafunzi wa Kiswahili. Chukua mfano wa shule moja ya upili ya kutwa katika Kaunti ya Kakamega ambamo mwalimu wa Kiswahili aliyefundisha kwa zaidi ya miaka 30 anastaafu mwishoni mwa mwaka. Wanafunzi wake wanarejea Januari. Mahali pake pana kijana aliyehitimu chuo kikuu miaka 6 iliyopita, ambaye bodi ya usimamizi wa shule imemchukua kwa malipo madogo yanayotokana na karo. Kijana huyo amefuzu na anaipenda kazi. Hata hivyo, hajawahi kukutana na mwalimu aliyemtangulia, hajui ni mada zipi zinazowatatiza wanafunzi wa shule hiyo, na hana hakika kama atakuwapo muhula ujao. Mifano ya namna hii si migeni kwa yeyote aliyewahi kwenda mazoezi ya kufundisha.

Makala haya yanaeleza jinsi waajiri wamelikabili tatizo la wafanyakazi wanaozeeka pamoja na uhaba wa wafanyakazi, mfano mkuu ukiwa Kakamega na kazi ya ualimu. Hoja inayojengwa ni kwamba Kakamega haijawahi kukosa watu wa kufanya kazi. Kilichokosekana ni nafasi zilizotengewa fedha. Aidha, njia nyingi ambazo waajiri wametumia zimeahirisha gharama na wakati huohuo kukata uzi wa kukabidhiana kazi baina ya kizazi na kizazi.

Uzee wa Watu na Uzee wa Daftari

Ni vyema kwanza kutofautisha aina mbili za kuzeeka. Aina ya kwanza ni kuzeeka kwa jamii nzima. Japani ndiyo mfano unaotajwa mara nyingi, kwa kuwa huko karibu watu 3 kati ya kila 10 wamefikisha umri wa miaka 65. Watoto wanaozaliwa ni wachache, na waajiri hawapati vijana wa kutosha hata wakiwa na fedha za kuwalipa. Kwa sababu hiyo, sheria ya Japani ilianza mwaka wa 2013 kuwataka waajiri wawaruhusu wafanyakazi wanaotaka kuendelea na kazi wafanye hivyo hadi miaka 65, na kuanzia mwaka wa 2021 ikawataka wajitahidi kuwapa nafasi hiyo hadi miaka 70.

Kenya haiko katika hali hiyo. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu milioni 47.6 nchini, na waliokuwa na umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa takriban milioni 2.7 tu. Kaunti ya Kakamega ilikuwa na watu 1,867,579, na yeyote anayepita katika kituo cha magari cha mji huo asubuhi atajionea kwamba wengi wao ni vijana. Kwa hiyo, kinachozeeka Kakamega si jamii bali ni daftari la mishahara. Hii ndiyo aina ya pili ya kuzeeka, na chanzo chake si uchache wa watoto. Hutokea pale mwajiri anapoajiri watu wengi kwa kipindi kifupi, kisha akafunga mlango kwa miaka mingi. Walio ndani huzeeka pamoja, na walio nje nao huzeeka wakisubiri.

Wimbi la 1985 na Mlango wa 1998

Historia ya ualimu wa Kiswahili inaonyesha jambo hili waziwazi. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza kutekelezwa Januari 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Kabla ya hapo, mwanafunzi aliweza kumaliza masomo yake bila kukifanyia mtihani. Mabadiliko hayo yalizua mahitaji makubwa ya walimu wa somo hilo katika muda mfupi. Vyuo vya ualimu, kikiwemo cha Eregi katika eneo la Ikolomani, pamoja na vyuo vikuu vilivyokuwa vikipanuka, vilitoa walimu, na serikali iliwaajiri mara tu walipohitimu. Katika miaka hiyo, kuhitimu ualimu kulikuwa sawa na kuajiriwa.

Hali hiyo haikudumu. Katika miaka ya 1990 serikali ya Kenya ilikabiliwa na madeni na masharti ya wafadhili waliotaka ipunguze gharama ya mishahara. Mpango wa kuurekebisha utumishi wa umma ulizinduliwa mwaka wa 1993, na mwaka uliofuata watumishi wa ngazi za chini walihimizwa kustaafu mapema kwa hiari na kulipwa kiinua mgongo. Mwaka wa 1998 serikali ilisitisha utaratibu wa kuwaajiri walimu wote waliohitimu. Kuanzia mwaka wa 2001, Tume ya Huduma za Walimu, ijulikanayo zaidi kama TSC, iliajiri kulingana na mahitaji, na kwa kiasi kikubwa ilijaza tu nafasi za waliostaafu, waliofariki au walioacha kazi. Idadi ya nafasi zilizoidhinishwa ilikwama kwenye 235,000.

Idadi hiyo ilikwama wakati madarasa yakifurika. Mpango wa elimu ya msingi bila malipo ulipoanza Januari 2003, wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwaka wa 2008 karo ya masomo iliondolewa katika shule za upili za kutwa, na wanafunzi wakaongezeka huko pia. Vyuo navyo viliendelea kutoa walimu kila mwaka. Huko Kakamega, chuo kilichokuwa kikijulikana kama WECO kilifanywa chuo kikuu kishiriki mwaka wa 2002, kisha kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro kwa sheria ya mwaka wa 2006. Hivyo, mambo matatu yalikutana katika kaunti moja: wanafunzi wengi, walimu wengi waliohitimu, na nafasi chache za kazi.

Hesabu nyepesi inatosha kuonyesha matokeo. Mwalimu aliyeajiriwa mwaka wa 1986 akiwa na miaka 24 alitimiza miaka 60 mwaka wa 2022. Aliyeajiriwa mwaka wa 1997, karibu na kufungwa kwa mlango, akiwa na miaka 25, atafikisha umri huo mwaka wa 2032. Kati ya tarehe hizo mbili, walimu walioletwa na wimbi la 1985 wanaondoka karibu wote. Nyuma yao kuna pengo la walioajiriwa kwa uchache baada ya 1998, na nyuma ya pengo hilo kuna vijana walioingia hivi karibuni. Kizazi cha kati, ambacho kwa kawaida hupokea kazi kwa wazee na kuwafunza wadogo, ni chembamba mno.

Jibu la Kwanza: Kurefusha Muda wa Kazi

Jibu la kwanza la mwajiri wa umma lilikuwa kuwabakiza wazee. Mwaka wa 2009 serikali ilipandisha umri wa lazima wa kustaafu kutoka miaka 55 hadi 60. Serikali ile ile ambayo mwaka wa 1994 iliwalipa watu waondoke, miaka 15 baadaye iliwataka wasubiri. Sababu zake zilieleweka. Malipo ya uzeeni yalikuwa yakiilemea hazina, na idara nyingi hazikuwa na watu walioandaliwa kushika nafasi za wakubwa wao, kwa kuwa hapakuwa na walioajiriwa nyuma yao.

Utaratibu huu una faida zake. Jungu kuu halikosi ukoko, na mtu wa miaka 55 katika kazi ya kutumia akili huwa bado ana mengi ya kutoa. Katiba ya mwaka wa 2010 yenyewe imewaruhusu majaji kuhudumu hadi miaka 70. Tanzania nayo ilirekebisha sheria yake mwaka wa 2018 ili maprofesa, wahadhiri waandamizi wa vyuo vikuu vya umma na madaktari bingwa wastaafu kwa lazima wakiwa na miaka 65, ilhali watumishi wengine hustaafu wakiwa na 60. Katika vyuo vikuu vya Kenya pia, si jambo geni kumkuta profesa aliyevuka umri wa kawaida wa kustaafu akiendelea kufundisha kwa mkataba. Idara nyingi za Kiswahili zisingeweza kusimamia wanafunzi wa uzamivu bila wazee hao.

Hata hivyo, ikumbukwe kuwa TSC ilikuwa ikijaza nafasi za wanaoondoka. Umri wa kustaafu uliposogezwa mbele kwa miaka 5, waliotarajiwa kuondoka kati ya 2009 na 2014 walibaki, na nafasi ambazo zingefunguliwa na kustaafu kwao hazikufunguka. Kijana aliyehitimu mwaka wa 2008 aliongezewa miaka 5 ya kusubiri kwa uamuzi ambao haukumtaja popote. Kwa upande wa mwajiri, fedha zilisalimika. Kwa upande wa shule, tarehe ya wimbi kubwa la kustaafu ilisogezwa mbele, lakini idadi ya watakaoondoka haikupungua. Kama miaka hiyo 5 ingetumiwa kuajiri vijana na kuwaweka kando ya wazee, ingekuwa muda wa kukabidhiana. Haikutumiwa hivyo kwa kiasi cha kutosha.

Kuhusu malipo ya uzeeni, badiliko kubwa zaidi lilikuja baadaye. Kuanzia Januari 2021, watumishi wa umma walio chini ya miaka 45, wakiwemo walimu, waliingizwa katika mpango mpya wa akiba ya uzeeni ambamo mfanyakazi huchangia sehemu ya mshahara wake, iliyoanza kwa asilimia 2 na kufikia asilimia 7.5 katika mwaka wa tatu, naye mwajiri huongeza asilimia 15. Kwa njia hii, mwajiri ameanza kulipia uzee wa mfanyakazi wakati mfanyakazi huyo akiwa bado kazini. Hili ni jibu la maana, ingawa haliwasaidii wale ambao hawajaajiriwa kabisa.

Jibu la Pili: Vibarua, Mikataba na Uanagenzi

Jibu la pili limekuwa kuwachukua vijana kwa masharti ya muda. Katika ngazi ya chini kabisa wapo walimu wa bodi, wanaolipwa na shule zenyewe kutokana na michango ya wazazi. Shule yenye wanafunzi wengi na wazazi wenye uwezo huweza kuwa na walimu wa bodi kadhaa, ilhali shule ndogo ya kijijini huenda isiwe na hata mmoja. Hivyo uhaba ambao chanzo chake ni wa kitaifa hugeuka kuwa mzigo wa mzazi wa kijijini.

Katika ngazi ya taifa, mwaka wa 2010 walimu takriban 18,000 waliajiriwa kwa mikataba. Baada ya mgomo wa walimu wa Septemba 2011, serikali ilikubali kuwaingiza katika masharti ya kudumu. Miaka michache baadaye, njia ile ile ilirudi kwa jina jipya. Januari 2020 TSC ilianza kuwachukua walimu wanagenzi, wa shule za msingi wakilipwa posho ya shilingi 10,000 kwa mwezi na wa shule za upili shilingi 15,000. Sekondari ya msingi ilipoanzishwa Januari 2023 chini ya mtaala mpya, wengi wa walimu walioingia madarasani humo walikuwa wanagenzi.

Wasomi wa Kiswahili wana sababu ya kulitazama neno hilo kwa makini. Mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi, na jina lake halitimii bila fundi. Katika karakana ya useremala, mwanagenzi hushika ubao fundi anapoukata, huachiwa randa siku nyingine, na huharibu kitu mbele ya mtu anayejua kukitengeneza. Malipo yake ni kidogo kwa sababu sehemu ya malipo ni ujuzi anaopewa. Mwalimu mwanagenzi wa sekondari ya msingi hakuwa katika hali hiyo. Alikuwa amehitimu na kusajiliwa. Alifundisha vipindi kamili, mara nyingi na vya masomo ambayo hakuyasomea, na katika shule nyingi hapakuwa na mwalimu mkongwe wa somo lake wa kumwongoza. Alipewa malipo ya mwanagenzi, akapewa kazi ya fundi, na fundi mwenyewe hakuwapo.

Suala hilo lilifika mahakamani. Aprili 2024, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba kuwachukua walimu waliofuzu kwa masharti ya uanagenzi kulikiuka haki yao ya kutendewa haki kazini. Mwezi uliofuata walimu hao waligoma, na Januari 2025 takriban 46,000 kati yao waliingizwa katika masharti ya kudumu. Hata hivyo, uanagenzi haukukomeshwa na hatua hiyo, kwani kundi jingine lilichukuliwa kwa masharti hayohayo.

Ukilinganisha mwaka wa 2010 na wa 2020, mtindo ni mmoja. Uhaba unapokuwa mkubwa kiasi cha kutopuuzika, mwajiri huwachukua vijana kwa bei nafuu. Vijana huvumilia kwa sababu walioko nje ya lango ni wengi kuliko wao. Baada ya muda huungana, hugoma au hushtaki, na hatimaye huajiriwa. Fedha ambazo zingetumika mwanzoni hutumika mwishoni, na katikati hupotea miaka ya mafunzo na imani ya mfanyakazi kwa mwajiri wake.

Katika Mashamba ya Miwa

Serikali si mwajiri pekee Kakamega. Kwa miongo kadhaa, kampuni ya sukari ya Mumias, iliyoundwa mwaka wa 1971 na kuanza kusaga miwa mwaka wa 1973, ilikuwa tegemeo kubwa la ajira na mapato katika eneo hilo. Mwaka wa 2019 kampuni hiyo iliwekwa chini ya mrasimu, na Desemba 2021 mali zake zikakodishwa kwa kampuni ya Sarrai kutoka Uganda. Huko Malava, viwanda vya West Kenya na Butali navyo vinategemea miwa ya wakulima.

Katika sekta hii, kuzeeka kwa nguvukazi kunaonekana kwa njia tofauti. Fundi wa mitambo ya sukari hujifunza kwa miaka mingi, akisikiliza mlio wa mashine na kutambua kasoro kabla haijawa hasara. Kiwanda kinapofungwa, mafundi hutawanyika. Wengine huenda viwanda vingine, wengine hurudi mashambani na kuzeekea huko. Mitambo inaweza kukarabatiwa kwa mkopo, lakini ujuzi uliotawanyika haurudishwi kwa mkopo.

Mkata miwa naye yuko katika daraja jingine. Aghalabu yeye ni kibarua anayelipwa kulingana na tani alizokata, mara nyingi kupitia mwanakandarasi. Hana tarehe ya kustaafu kwa sababu hana barua ya kuajiriwa. Hustaafishwa na mgongo wake. Kijana aliye na uwezo wa kupata pikipiki ya bodaboda huona hiyo kuwa kazi afadhali, hivyo waajiri hulalamika kwamba wakataji hawapatikani msimu wa mavuno. Ikiwa malipo na masharti ya kazi hayabadiliki, uhaba huo haupaswi kumshangaza mtu. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 kinaeleza kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja anastahili kuhesabiwa kuwa na mkataba unaolindwa na sheria. Kazi inayohamishwa kutoka mikononi mwa kampuni hadi kwa mwanakandarasi, na kutoka shamba hadi shamba, huwa vigumu kuihesabu hivyo. Mwajiri wa namna hii hazeeki pamoja na wafanyakazi wake. Huwabadilisha tu, na gharama ya uzee wao hubebwa na jamaa zao.

Waajiri wa Mbali

Kuna mwajiri mwingine ambaye hayuko Kakamega lakini anaajiri kutoka huko. Nchi za Ulaya, ambazo kuzeeka kwake ni kwa aina ya kwanza iliyoelezwa hapo juu, zinawatafuta wauguzi na mafundi katika nchi zenye vijana wengi. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano kuhusu wahudumu wa afya wa Kenya kwenda kufanya kazi Uingereza. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani nazo zilitia saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi wenye ujuzi.

Makubaliano haya yana mantiki kwa kila upande. Muuguzi asiye na kazi hupata kazi, jamaa zake hupata fedha, na serikali hupunguziwa malalamiko. Hata hivyo, tangu mwaka wa 2013 huduma nyingi za afya zimekuwa chini ya serikali za kaunti, na wadi zisizo na wauguzi wa kutosha ni zao. Mwajiri wa Ulaya anapomchukua muuguzi mwenye uzoefu wa miaka 10, humchukua yule yule wa kizazi cha kati ambaye angewaongoza wanaoingia. Pengo lililoanzishwa na usitishaji wa kuajiri katika miaka ya 1990 hupanuliwa na soko la nje. Kwa upande wa walimu wa Kiswahili, mvuto wa nje ni mdogo zaidi, ingawa wapo wanaofundisha lugha hiyo katika vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya.

Kukabidhiana

Majibu yote yaliyoelezwa yanaweza kupimwa kwa swali moja: je, anayeondoka anakutana na anayeingia? Kurefusha umri wa kustaafu bila kuajiri hakuwakutanishi, kwa kuwa mzee yuko ndani na kijana yuko nje. Uanagenzi usio na fundi hauwakutanishi, kwa kuwa kijana yuko ndani na mzee ameshaondoka. Vibarua wa miwa hawakutani na yeyote.

Jamii za eneo hili hazikuwa ngeni kwa suala hili. Watiriki wa Vihiga, majirani wa Kakamega, walikuwa na mfumo wa marika ambao ulipanga kila rika lilikuwa na wajibu gani, na uliweka wakati maalumu wa rika moja kuliachia jingine wajibu huo. Mzee hakuondoka hadi wa kumpokea awepo, na aliyepokea hakuachwa bila mshauri. Neno kung'atuka, lililotoka katika Kizanaki na kuenezwa na Mwalimu Julius Nyerere alipoacha urais mwaka wa 1985, nalo limebeba maana ya kuachia nafasi ili mwingine aishike.

Kwa mwajiri wa leo, kukabidhiana huko kunaweza kupangwa bila gharama kubwa. Tarehe ya kuzaliwa ya kila mwalimu imo katika daftari la TSC. Kustaafu kwake kunajulikana miongo mitatu kabla. Hakuna uhaba unaotabirika kwa urahisi kuliko huo. Nafasi yake ingeweza kutangazwa mwaka mmoja kabla hajaondoka, ili mwaka wake wa mwisho uwe wa kufanya kazi pamoja na mrithi wake. Vipindi vya anayestaafu vingepunguzwa, naye apewe jukumu la kuhudhuria madarasa ya mgeni, kutunga mitihani pamoja naye, na kumwonyesha jinsi ya kusahihisha insha 60 kwa usiku mmoja bila kumwonea mwanafunzi. Gharama ya mpango huo ni mshahara wa mwaka mmoja wa ziada kwa nafasi moja. Gharama ya kutoufanya hulipwa na madarasa yanayokaa muhula mzima bila mwalimu.

Katika vyuo vikuu, jambo kama hilo lingewezekana ikiwa kila profesa anayeongezewa mkataba angeongezewa kwa sharti kwamba awe na mhadhiri kijana anayefanya naye utafiti na kufundisha naye kozi zake. Mkataba wa mzee ungekuwa daraja la kumvusha kijana. Bila sharti hilo, mkataba huo huwa ukuta, hata kama mzee mwenyewe hakukusudia hivyo.

Hitimisho

Ni bayana kuwa tatizo la nguvukazi inayozeeka Kakamega limetokana na maamuzi, na kwa hiyo linaweza kupunguzwa na maamuzi. Waajiri wa Japani wanawabembeleza wazee kwa sababu vijana hawapo. Waajiri wa Kenya wamewabakiza wazee, wakawapa vijana malipo ya wanagenzi, na kuwasubirisha wengine langoni, ilhali vijana wapo na wamefuzu. Kila mojawapo ya hatua hizo ilipunguza gharama ya mwaka husika. Hakuna hata moja iliyoziba pengo la kizazi cha kati.

Kati ya sasa na mwaka wa 2032, walimu wengi walioajiriwa kukifundisha Kiswahili kilipofanywa somo la lazima watakuwa wameondoka. Wameziona sera nyingi zikija na kwenda, na wamewafundisha wengi wa wale wanaosubiri kuajiriwa. Wengi wa warithi wao wamo katika vyuo vikuu au wamekwisha kuhitimu. Kinachosalia kuamuliwa na mwajiri ni kama makundi haya mawili yatakutana katika chumba kimoja cha walimu, hata kwa mwaka mmoja tu, kabla mlango haujafungwa nyuma ya wale wanaotoka.